Butura ya Amsterdam: nimeimaliza The Coffee Trader

Nianze na bei, maana kitabu chenyewe ni cha bei. Nilikinunua elfu nane, mtumba, kwa muuza vitabu anayetandaza chini kule Posta, Dar es Salaam. Nilikuwa nawahi basi. Jicho likaangukia neno "Coffee" kwenye jalada, miguu ikagoma. Nimekaa misimu sita kwenye mizani ya chama cha msingi huko kwetu Kagera, nikipima kahawa ya maganda na kuandika stakabadhi hadi vidole vinakufa ganzi, kwa hiyo neno hilo silipiti hivi hivi. Muuzaji aliniambia ni hadithi ya mapenzi. Alidanganya, lakini si sana.

The Coffee Trader ni riwaya ya Mmarekani David Liss, iliyotoka mwaka 2003. Kabla ya hapo alikuwa ameandika A Conspiracy of Paper, inayohusu London ya 1719 na hila za Kampuni ya South Sea, nayo ikampa tuzo ya Edgar ya riwaya ya kwanza. Hiyo niliisoma baadaye, na nitaigusia kidogo. Hii ya kahawa inarudi nyuma miaka sitini, hadi Amsterdam ya 1659. Miguel Lienzo ni Myahudi wa Kireno aliyekimbia Lisbon na mahakama za dini za Wakatoliki. Amepigwa na bei ya sukari mpaka amebaki mifupa. Analala kwenye chumba cha chini chenye unyevu nyumbani kwa mdogo wake Daniel, anadaiwa kila kona, na bado asubuhi anavaa vizuri kwenda sokoni kana kwamba mambo ni shwari. Mtu wa namna hiyo kila mmoja wetu anaye kwenye ukoo.

Siku moja mjane wa Kiholanzi, Geertruid Damhuis, anamwekea mbele bakuli la kitu cheusi, kizito, kichungu. Ndiyo kahawa. Ulaya ya wakati ule wanaoijua ni wachache, wengine wakiiona dawa tu. Geertruid anapendekeza washirikiane kuikamata biashara yote ya kahawa kabla wenzao hawajaamka. Yeye atoe mtaji, Miguel atoe akili. Tatizo ni kwamba baraza la wazee wa jumuiya ya Wayahudi, linaloitwa Ma'amad, halitaki ushirika kama huo na Wakristo, na mmoja wa wazee hao, Solomon Parido, ana kisa cha zamani na Miguel. Kuanzia hapo kila mtu anamficha mwenzake jambo.

Sasa nieleze kilichonishika, kwa sababu si mauaji. Waliozoea riwaya zetu za kijasusi, zile za bastola na gari linalofukuzwa usiku, watasubiri sana. Hapa silaha ni mkataba. Mtu anauza shehena ambayo hana, kwa bei ya leo, akiahidi kuikabidhi mwezi fulani. Anaomba Mungu bei ishuke: ikishuka, ataipata kwa rahisi na kubaki na tofauti. Ikipanda, ameumia. Mwingine analipa kiasi kidogo ili apate tu haki ya kuuza kwa bei fulani baadaye, akitaka anaitumia, asipotaka anaiacha. Waholanzi wenyewe waliiita biashara ya upepo.

Niliposoma kurasa hizo mara ya kwanza sikuelewa kitu. Nikafunga kitabu, nikakaa kibarazani. Ndipo likanijia: hii ni butura!

Kwa wasiotoka kwetu, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Mti una maua tu, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada, na jamaa mwenye pikipiki anapita kibanjani, yaani shambani kwako, na noti mfukoni. Anakuhesabia pesa leo, na mavuno yakifika anakuja na magunia yake kuchukua chake. Bei ya msimu ikiwa nzuri, faida ni yake. Ikiwa mbaya, hapo utaona ugomvi. Serikali inapiga marufuku kila mwaka na kila mwaka watu wanauza. Basi mjue kwamba Amsterdam ilipiga marufuku kuuza hisa usizokuwa nazo tangu 1610, baada ya Isaac Le Maire na wenzake kuunda kikundi cha siri mwaka uliotangulia, wakauza hisa za Kampuni ya Waholanzi ya India ya Mashariki ambazo hawakuwa nazo huku wakisambaza uvumi ili bei ianguke. Marufuku ilitoka, na nusu karne baadaye kina Miguel bado wanauza upepo mchana kweupe.

Baada ya hapo nilikisoma kitabu kama mtu anayesikiliza habari za kijijini kwake. Sura bora kabisa ni zile za soko lenyewe. Jengo hilo lilikuwepo kweli, lilifunguliwa 1611, likiwa na ua wa wazi uliozungukwa na nguzo, na wafanyabiashara wa bidhaa moja wakijua mahali pao pa kusimama. Saa za biashara zilikuwa chache, kuanzia adhuhuri hadi saa nane. Muda huo mfupi ndio unaotengeneza presha ya riwaya nzima. Miguel anaingia na mikataba ya brandi inayoelekea kumzamisha, na tunamfuata akipita katikati ya watu, akimnong'oneza huyu, akijifanya hakumwona yule, akitupa neno moja mahali ambapo anajua litaokotwa. Viganja vinagongana, bei inasogea. Unasoma huku jasho linakutoka, na hakuna aliyeinua hata kisu. Liss hakuyatoa hayo kichwani tu. Mwaka 1688 Joseph de la Vega, mfanyabiashara wa jumuiya hiyo hiyo ya Wayahudi wa Kireno, aliandika kwa Kihispania kitabu kizima juu ya vituko vya soko lile, pamoja na huko kugonganisha viganja kufunga biashara.

Jambo la pili ni hofu. Ma'amad ilikuwa na adhabu ya kumtenga mtu: usiongee naye, usile naye, usifanye naye biashara. Baruch Spinoza, mwanafalsafa, alitengwa na jumuiya hiyo hiyo mwaka 1656, miaka mitatu tu kabla hadithi haijaanza. Mwandishi anatuonyesha watu waliojifunza kuficha dini yao Lisbon ili wasichomwe moto, wakafika mahali pa uhuru, na mkono ukawa umeshazoea kuficha. Ndiyo maana njama zao zinaaminika. Hawa si majambazi wa sinema, ni watu wa sala wenye tabia ya kufunga dirisha kabla ya kusema.

Halafu kuna Hannah. Mke wa Daniel, mjamzito, kimya, mume hamtazami mara mbili. Anagundua gunia la kahawa la Miguel kule chini. Hajui inatengenezwaje. Anachota punje, anazitafuna. Kesho anarudi kuchota nyingine. Anakuwa mwizi wa punje ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kadiri anavyotafuna ndivyo anavyopata ujasiri wa kusikiliza milangoni.

Hapo nilicheka peke yangu kwenye daladala, jirani akanigeukia. Kwetu kahawa tumeitafuna kabla hatujajua kuinywa. Bibi yangu alikuwa anachuma matunda kabla hayajaiva sana, anayachemsha na majani ambayo hakunitajia majina, anayaanika, kisha anayafunga kwenye vikaratasi vya migomba iliyokauka. Mgeni akiingia, kabla ya salamu kwisha amewekewa kiganjani. Na zamani wanaume wawili wakichanjiana, walitafuna punje mbili za tunda moja zenye damu ya kila mmoja, na tangu hapo kumgeuka mwenzio ni balaa. Nikawa nawaza, laiti Miguel na Geertruid wangetafuna vile badala ya kuandikiana, riwaya ingekuwa na kurasa sitini. Nilikuwa na vifurushi viwili vya kahawa hiyo nyumbani, nikavitafuna nikisoma sura za Hannah. Ila yeye anakula mbichi, bila kuchemsha. Meno yake yalikuwa mazuri.

Anayebaki kichwani zaidi kuliko wote lakini ni Joachim Waagenaar. Huyu alifuata ushauri wa Miguel kwenye sukari, akapoteza kila kitu. Sasa anamfuata mitaani akiwa mchafu, ananuka, anadai pesa, anatisha, analia. Mwanzoni unamchukia kama Miguel anavyomchukia. Nami nilimchukia hadi nikakumbuka mzee mmoja aliyekuwa anakuja kukaa nje ya ofisi yetu ya mizani msimu mzima. Alikuwa ameuza butura miaka miwili mfululizo, wa kwanza kulipia matibabu, wa pili kulipia deni la wa kwanza. Hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anatazama tu gunia za kibanja chake zikishushwa kwa jina la mtu mwingine, na mimi ndiye niliyekuwa naandika hilo jina. Tulikuwa tunamkwepa. Sikuwahi kumpa hata kiti.

Kasoro zipo, na nyingine zinakera. Kati ya sura na sura tunapewa kumbukumbu za Alonzo Alferonda, mkopeshaji wa riba aliyetengwa na jumuiya, anayejisifu kwa maneno marefu. Mwanzo anachekesha. Ikifika mara ya tano unatamani amalize shauri lake. Geertruid naye anatembea na uzuri wake kila aya kana kwamba mwandishi anaogopa tutausahau. Na kuna sehemu katikati ambapo mipango imepangwa juu ya mipango mpaka nilichukua kalamu nikachora mishale: huyu anamdanganya yule ili yule amdhanie huyu. Mishale yangu iko kwenye ukurasa wa mbele hadi leo, imepindana kama nyuzi zilizotatana.

Lawama yangu kubwa ni nyingine. Kahawa ile ilikuwa ya Yemen, ikipitia bandari ya Mokha, na hata jina lake Waholanzi walilipokea kutoka neno lile lile la Kiarabu tunalolisema sisi. Riwaya nzima watu wanaua usingizi kwa ajili ya punje hizo, na mkulima haonekani hata kwa mbali. Hakuna anayeuliza nani amezichuma. Nimejaribu kumtetea mwandishi: labda ndivyo ilivyokuwa, mtu wa sokoni Amsterdam hakumwaza mtu wa mlimani Yemen, kama ambavyo mnunuzi wa kule hamwazi mzee wangu wa kwenye mizani. Sawa. Ila mstari mmoja ungetosha. Mpagazi mmoja, baharia mmoja aliyeuona mti.

Ukitaka kulinganisha, A Conspiracy of Paper ina ngumi na mauaji zaidi, kwa sababu mpelelezi wake, Benjamin Weaver, ni bondia mstaafu wa ukoo huo huo wa Lienzo, na anagongana na Jonathan Wild, yule mkamata wezi wa London aliyekuwa mkuu wa wezi wenyewe na aliyenyongwa kweli mwaka 1725. Anayependa purukushani aanze na hicho. Nani ataipenda hii ya kahawa? Mhasibu, dalali, mtu wa ushirika, yeyote aliyewahi kupoteza pesa kwenye upatu na bado hajui iliondokaje. Kiingereza chake si cha kutisha, ila tenga muda.

Nakala yangu sasa. Nimefika ukurasa wa 288, mambo yamepamba moto, nageuza: 321. Kurasa 32 hazipo, zimeng'oka na gundi yake. Nilirudi kwa muuzaji. Akasema kitabu cha mtumba hakina garantii, akanionyesha kingine cha upishi kama fidia. Nikaishia kununua cha kielektroniki kwenye simu, ghali zaidi ya mara mbili ya kile cha karatasi, ili nisome kurasa 32. Kwa hiyo nimekilipa mara mbili na sijutii sana. Nyota nne. Ya tano nampunguzia yule mkulima wa Yemen.

Kile cha karatasi nimempa aliyenirithi kwenye mizani, nikamwandikia kwa penseli pale chini ya 288: "Ukifika hapa nipigie." Juzi saa sita usiku simu ikaita. Hakusalimia. Akasema, "Kaka, kurasa ziko wapi? Na huyu Joachim amekufa au?" Nikakaa kitandani nikaanza kumsimulia, mke wangu akavuta shuka akageukia ukutani, na kila nilipotaja mkataba yeye alinikatiza: "Yaani alitanguliziwa? Alitanguliziwa shilingi ngapi?"