Uzoefu wangu: mwalimu wa hisabati na fizikia wa kuja nyumbani, hapa Tanga

Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yalipotoka, binti yangu alikuwa na F ya hisabati na D ya fizikia. Masomo mengine yalimbeba akavuka kwenda kidato cha tatu, lakini furaha haikuwepo nyumbani. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapahapa Ngamiani, kwenye barabara hizi za namba. Huyu ni mwanangu wa kwanza, na tangu yuko darasa la tatu anasema atasomea mambo ya meli, aende Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Ningesema ni mvivu, ningejua la kufanya. Lakini mtoto alikuwa anakesha na daftari, usiku namkuta amelalia kalamu. Hilo ndilo lililoniuma.

Wateja wangu wengi ni wazazi, na wakija kupimisha watoto sare wananiuliza tulifanyaje, kwa hiyo nayaandika yote mara moja, mazuri na yaliyonikera.

Tulianza na tuisheni ya kundi, kama wengi. Sitaitaja jina. Shilingi 500 kwa siku, banda la mabati, watoto sabini na kitu, mabenchi yamebanana. Mwalimu anajua kazi yake, sitamsingizia, ila kazi yake ni kumwaga pepa za miaka iliyopita ubaoni: swali, njia, jibu, twende linalofuata. Binti yangu alikuwa anarudi na kurasa sita zimejaa hesabu zilizofanywa vizuri kabisa, hakuna hata moja aliyoifanya yeye. Nikimwambia afiche jibu arudie mwenyewe, anakwama mstari wa pili. Miezi miwili hivyo. Hela haikuwa nyingi, lakini mtoto alikuwa anazidi kuamini kwamba kichwa chake ni kizito, na hiyo gharama ni kubwa kuliko hizo mia tano.

Huyu mwalimu wa nyumbani nilielekezwa na mteja wangu. Ni kijana, amesomea ualimu wa masomo hayohayo mawili, anafundisha shule na jioni anapita nyumba chache. Siku ya kwanza kitabu cha kidato cha tatu hakukifungua. Alimpa mtoto karatasi yenye maswali kumi aliyoyaandika kwa mkono, yote ya shule ya msingi: sehemu, desimali, namba hasi, magazijuto. Nikasema moyoni, huyu anatupotezea muda. Mtoto akapata manne.

Moja kati ya yale aliyokosa lilikuwa robo tatu kutoa theluthi moja. Alikuwa ameandika 2/1. Tatu kutoa moja, mbili. Nne kutoa tatu, moja. Mwalimu hakuweka alama nyekundu ya kosa. Akanigeukia mimi niliyekuwa kwenye cherehani, akasema, "Mama, naomba futikamba yako."

Akaikunjua mezani. "Yadi moja ina inchi ngapi?"

"Thelathini na sita," mtoto akajibu. Hilo analijua, amenisaidia kukata vitambaa tangu mdogo.

"Una robo tatu ya yadi. Nioneshe."

Akaweka kidole kwenye 27.

"Mama yako anakata theluthi ya yadi atengenezee mkanda wa sketi. Theluthi ni inchi ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kimebaki kitambaa gani?"

Akahesabu kurudi nyuma kwa kidole. Kumi na tano. Mwalimu akamwambia aandike 15 juu ya 36, agawanye juu na chini kwa tatu. Ikatoka 5/12. Kisha akamsogezea ile karatasi yenye 2/1 na akakaa kimya. Binti yangu akaitazama, akasema mwenyewe, "Mwalimu, hii haiwezekani. Nilianza na kipande kisichofika hata yadi, halafu nimekata, halafu nimebakiwa na yadi mbili?"

Niliacha kushona. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikia akilihoji jibu lake. Alikuwa anaandika namba, anapiga mstari chini, basi. Na mimi mama yake natumia nusu, robo na thumuni kila siku ya Mungu nikikata marinda, sikujua kwamba mwanangu akiziona hizohizo zimeandikwa kwenye karatasi anaziona kama kitu kingine kabisa.

Kosa lile lilikuwa la darasa la tano, limekaa naye miaka minne. Aljebra yote iliyofuata, milinganyo, mfanano wa pembetatu, ilikuwa imejengwa juu ya shimo lile. Kwa hiyo mwezi mzima wa kwanza ulikuwa wa sehemu na namba hasi na kuhamisha herufi kutoka upande mmoja wa alama ya usawa kwenda mwingine. Mada ya kidato cha tatu, hata moja.

Hapo mzazi mwenzangu ujiandae, maana hapo ndipo nilipotetereka. Jaribio la shule la Machi mtoto akapata 27. Nimelipa, nimeandaa chai, na 27. Nikamwambia mwalimu waziwazi kwamba nafikiria kuacha. Hakujitetea. Alifungua ile karatasi ya jaribio akanionesha: maswali manne mtoto alikuwa ameyaanza sawasawa, ameishia njiani kwa sababu mada zenyewe hawajazifikia, na hakuna mahali alipokosea kutoa wala kugawanya. Akaniomba nimpe mpaka mtihani wa Juni. Nikampa. Juni akapata 43. Alama mbili chini ya C, maana C inaanzia 45, lakini kwetu sisi ilikuwa kama Idi.

Kwenye fizikia tatizo lilikuwa jingine. Huko shule ya msingi mtoto alisoma sayansi kwa Kiswahili, akijua kani ni nini, msuguano ni nini. Kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza ndani ya wiki chache, na yeye akawa anakariri sentensi asizozielewa. Mfano mmoja sitausahau. Swali linasema jiwe limeachwa lianguke kutoka kwenye utulivu, litafutwe mwendo wake baada ya sekunde tatu. Lile neno la Kiingereza, rest, yeye alilijua kwa maana ya kupumzika tu, akawa anashangaa jiwe limepumzika wapi. Hakujua kwamba swali limeshampa namba: mwendo wa mwanzo ni sifuri. Mwalimu akamfungulia daftari la safu tatu, neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, na alama yake kwenye kanuni. Lilifika maneno zaidi ya mia mbili. Daftari hilo peke yake, naona, lina thamani ya miezi kadhaa ya ada.

Na vifaa. Sina maabara, nina chumba kimoja cha kazi. Jioni moja akaomba rula yangu ya mbao ya mita moja, akaifunga uzi katikati kwenye sentimita 50, akaining'iniza kwenye nondo ya dirisha mpaka ikatulia sawa. Upande mmoja akaning'iniza mkasi wangu wa kukatia, sentimita 20 kutoka kwenye uzi. Upande wa pili robo kilo ya sukari ndani ya mfuko, akamwachia mtoto aisogeze mwenyewe. Akaisogeza, ikazidi, akairudisha, mpaka rula ikalala sawa: sentimita 24. Rula ikilala sawa, uzito mara umbali unalingana pande zote mbili, kwa hiyo mia mbili hamsini mara ishirini na nne, gawanya kwa ishirini. Mkasi una gramu 300. Binti akaubeba mbio mpaka duka la jirani lenye mizani ya kidijitali. 298. Alirudi anahema, na mwalimu hakumpongeza kwanza, alimuuliza zile gramu mbili zimeenda wapi. Walikaa nusu saa wanajadili uzito wa mfuko, unene wa uzi, na jicho linaposoma rula kwa kuinama. Nimeambiwa kwenye pepa ya vitendo ya kidato cha nne hoja kama hizo zinaulizwa. Siku nyingine ilikuwa nati ya baiskeli kwenye uzi: uzi wa mita moja, mizunguko ishirini ya kwenda na kurudi, sekunde kama arobaini, wakaukata uzi ubaki robo ya urefu, mtoto akabashiri sekunde kumi, ikaja ishirini. Ndipo kipeuo cha pili kilipomwingia: urefu ukiwa robo, muda unakuwa nusu.

Kitu kingine nilichokipenda ni kwamba hakuniuzia vitabu. Alituonesha kwenye simu maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vitabu vya kiada vinasomwa bure. Na kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, zinazoonesha watahiniwa walikosea wapi, hata na picha za majibu yao. Binti yangu alizisoma hizo kuliko alivyosoma pepa zenyewe. Alikuwa anakuta kosa lake mwenyewe limeandikwa na mtoto mwingine asiyemjua. Alipofika kidato cha nne walipanga mbinu ya pepa ya hisabati kwa kuangalia muundo wake: maswali 14, saa tatu, kumi ya mwanzo yana alama sita kila moja na manne ya mwisho alama kumi kumi. Yale kumi peke yake ni alama 60, na mengi ni msingi uleule waliouanzia.

Sasa yaliyonikera. Msimu wa masika anachelewa sana. Anakuja kwa baiskeli, na mvua za Tanga mnazijua. Siku tatu hakutokea kabisa na ujumbe ukaja usiku, mtoto amekaa na daftari tangu alasiri. Zile siku alizifidia, lakini mpaka nikumbushe. Hatoi maandishi ya malipo. Niliweka daftari langu, tarehe na kiasi, naye anatia sahihi, na nakushauri ufanye hivyo kwa mwalimu yeyote. Kazi za nyumbani za shule hakubali kumfanyia mtoto, hata kesho zikitakiwa, na mtoto alilia siku moja kwa hilo. Mwanzo nilimkasirikia, siku hizi naona yuko sawa. Na umeme aliupitisha harakaharaka. Nyumbani hakuna ameta wala voltimita za kupimia umeme, kwa hiyo saketi zilibaki michoro kwenye karatasi, na shuleni kifaa kimoja wanagombania watoto kumi. Huko binti yangu ni dhaifu mpaka leo.

Gharama: nililipa shilingi 80,000 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, saa kumi na nusu mpaka karibu na adhana ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani tulihamishia Jumamosi na Jumapili asubuhi baada ya madrasa. Ni hela nyingi kwa fundi cherehani. Kuanzia mwezi wa nne jirani yangu alimleta mwanawe, tukagawana, ikawa 50,000 kila mmoja, na sikuona mwanangu akipungukiwa. Kubishana na mwenzake kulimsaidia. Wa tatu mwalimu alimkataa.

Mtihani wa taifa binti alipata C ya hisabati na B ya fizikia. Najua wapo waliopata A wakati wao walianzia pazuri zaidi, na sijui kama mwalimu huyu angekuwa na kazi kubwa kwa mtoto wa namna hiyo. Mtoto anayetaka kukimbizwa atachoka naye, anakwenda taratibu. Kama mwanao anaandika majibu bila kuyatazama, huyo ndiye wake. Na ukitafuta mwalimu mwingine popote, Makorora au Chumbageni, siku ya kwanza kaa karibu, uone anaanza kwa kuandika au anaanza kwa kumuuliza mtoto.

Kwa sasa anakuja Jumamosi tu. Binti anasubiri nafasi za kidato cha tano, na nimemwomba mwalimu amalize naye umeme kabla hajaondoka. Wiki iliyopita alikuja na ameta ya kuazima na betri mbili za tochi.