Chujio la osmosisi kwa akwariamu ya maji chumvi hapa Lubumbashi: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Na kama unataka kufuga matumbawe katika mji huu, nunua chujio hili kabla ya taa, hata kama picha za taa za buluu zimekuteka roho.

Ninaloliongelea ni chujio la hatua nne linalotengeneza maji safi kabisa ya kuchanganyia chumvi ya bahari. Maji yanapita kwanza kwenye chujio linalozuia mchanga na tope, halafu kwenye mkaa, halafu kwenye utando wa osmosisi, ngozi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia karibu madini yote, na mwisho kwenye rezini, chembechembe zinazokamata madini machache yaliyoponyoka. Mkaa hauko pale kwa urembo: klorini ya maji ya mjini huharibu utando, kwa hiyo mkaa ukichoka, utando nao una siku zake. Langu lilinigharimu dola 140 mpaka mlangoni, ushuru wa mpaka wa Kasumbalesa ukiwa ndani.

Kwa nini nimeanza na maji? Kwa sababu tunaishi juu ya shaba. Mkoa wetu uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na kile kilima cheusi kando yake unaviona ukiwa mbali. Kwa binadamu hilo halina neno kubwa: Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Ila wafugaji wa samaki wa baharini hutumia shaba hiyohiyo kama dawa ya ugonjwa wa madoa meupe, na kipimo chake ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Samaki wengi hukivumilia. Kamba, konokono na matumbawe hawakiwezi. Maana yake, maji unayoruhusiwa kunywa bila wasiwasi yanaweza kuwa na shaba mara kumi ya ile inayomuua kamba wako. Cha ajabu, damu ya kamba hubeba oksijeni kwa kutumia shaba. Anaitaka, lakini chembe tu.

Sisemi kila robine ya Lubumbashi inatoa shaba. Inategemea mtaa, kisima na umri wa mabomba. Kwangu, maji yaliyolala kwenye bomba usiku kucha yalibadilisha rangi ya dawa ya kupimia shaba; yaliyoachwa yatiririke kwanza hayakubadilisha kitu. Baada ya chujio, hata yale ya alfajiri yalitoka bila rangi. Mita ya TDS, ambayo hupima vitu vyote vilivyoyeyuka kwa pamoja, ilisoma zaidi ya 300 kwenye robine, 9 baada ya utando, na 0 baada ya rezini. Hapo nikajua nimenunua kitu, si bati lililopakwa rangi.

Wengi hudhani maji ya robine "kidogo tu" ya kujazia hayana shida. Tupige hesabu. Akwariamu yangu ni ya lita 200, na wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, inapoteza kama lita mbili na nusu kwa siku. Yanayopanda hewani ni maji matupu. Chumvi na kila kichafu vinabaki. Ndiyo maana tunajazia maji yasiyo na chumvi. Miezi mitatu ya kiangazi utakuwa umejazia lita 225, zaidi ya akwariamu nzima. Kama kila lita ilikuja na chembe ya shaba, chembe zote ziko ndani bado, na nyingine zimejificha kwenye mawe zikisubiri kutoka polepole. Fosfati na silika nazo hujirundika vivyo hivyo, na hizo ndizo zinazolisha mwani wa kahawia unaofunika kioo.

Sasa nyota iliyopotea. Chujio hili limebuniwa kwa miji ambayo maji yanasukuma. Karatasi yake inaahidi lita 280 kwa siku, lakini hiyo ni kwa presha ya karibu bari 4 na maji ya nyuzi 25. Mtaani kwetu presha hiyo ni ndoto, na ukichota kutoka tangi lililo juu ya paa la chini ndiyo kabisa. Mwanzoni lilikuwa linadondosha matone kama mtu anayelia kwa aibu. Tena mwezi wa sita na wa saba maji yetu ni ya baridi, na baridi inapunguza kasi ya utando. Dawa yake ni pampu ndogo ya kuongeza presha, inayouzwa peke yake, si pamoja na chujio. Yangu ni ya volti 24, na fundi aliiunganisha na betri mbili za sola, kwa hiyo umeme ukikatika naendelea kuchuja. Muuzaji angepaswa kusema wazi kwamba bila pampu hii hapa kwetu umenunua nusu ya chombo.

Shida ya pili ni maji yanayotupwa. Kwa kila lita safi, tatu hadi nne zinatoka kwa mrija wa pembeni. Mama watoto alipoona bidoni zinajaa alisema, "Watu wanaamka saa kumi kutafuta maji ya kunywa, na wewe unayaosha?" Ana haki. Maji hayo si machafu, ni ya robine yaleyale yenye madini zaidi, basi yanafua nguo, yanasafisha choo na yanamwagilia lengalenga nyuma ya nyumba. Hayamwagwi tena hata bidoni moja.

Faida ambayo sikuitarajia: maji yaliyopita kwenye rezini yanafaa kuongezwa kwenye betri za asidi. Jirani yetu, mzee mwenye gereji, alipopata habari akaja na chupa mkononi: "Kijana, nasikia wewe unatengeneza maji ya betri." Nampa, naye hunitengenezea vitu vya umeme bila kutaja franga. Kwa kunywa, ni mambo mengine. Rezini hizi hazikuwekwa kwa ajili ya chakula. Anayetaka kunywa achukue maji kabla ya hatua hiyo ya mwisho.

Kuna wenzangu wanaotumia maji ya mvua. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne mvua ipo, lakini inapita kwenye mabati yenye zinki na vumbi la mji wa migodi, na zinki nayo haipendani na kamba. Halafu mwezi wa saba utakinga nini? Maji ya chupa za dukani yana madini, na bei yake itakuchosha kabla ya samaki.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mkali na maji. Mwezi wa nne 2024, NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, lilitangaza kwamba matumbawe ya dunia yako katika tukio la nne la kupauka kwa sababu ya joto la bahari. Matumbawe magumu hayavuki mipaka bila karatasi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na ni sawa hivyo. Mimi ninafuga yale laini, vipande vilivyokatwa kwenye akwariamu ya mfugaji mwingine, pamoja na samaki klauni wawili na kamba msafishaji mmoja. Kumtoa mnyama kwenye bahari iliyochoka, kumpandisha ndege hadi mita 1,200 juu ya bahari, kisha kumuua kwa maji ya robine, hapana.

Kwa matumizi ya kila siku: ukiwasha chujio, maji ya dakika za kwanza yasipelekwe kwenye rezini, maana huwa na TDS ya juu na yanaimaliza haraka. Utando ukishalowa usiuache ukauke. Rezini yangu ya kwanza iliisha mapema kuliko karatasi ilivyosema, kwa sababu maji yetu yana madini mengi, na vipuri hapa mjini sijaviona. Vinakuja na mizigo ya Dar es Salaam, kwa hiyo agiza rezini mbili pamoja na chujio, na ile ya akiba iache kwenye mfuko wake uliofungwa.