Kusafisha santuri ukiwa na hela ya mawazo: nunua hiki kwanza

Boksi la santuri nililoachiwa na mjomba pale Isevya lina LP (zile santuri kubwa) kibao na sahani ndogo za 45, yaani zinazozunguka mara 45 kwa dakika, za bendi ya Tabora Jazz, na vumbi la kiangazi la hapa Tabora mnalijua wenyewe, limejaa mpaka ukiweka sindano unasikia kama mtu anakaanga karanga. Nimejaribu karibu kila kitu cha bei chee, upangaji wangu ndo huu.

Namba moja ni maji. Sio brashi, sio dawa. Maji ya bomba yakikauka yanaacha chumvi kwenye mistari, kwahiyo nenda duka la spea ununue maji ya betri, ila sema kabisa unataka yale ya kuongezea maana ukitaja "maji ya betri" tu unaweza kupewa asidi. Weka nusu lita kwenye beseni, tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, moja tu, alafu chukua brashi laini ya mekapu (mpya, usimwibie wifi yako) pitisha ukifuata mzunguko wa mistari, usikate katikati. Lebo isilowe. Suuza na maji mengine masafi ya kuongezea, yasiyo na sabuni, futa na kitambaa cha miwani, isimamishe kwenye kichanja cha vyombo kivulini, juani inapinda kama chapati. Tishu hapana, inaacha manyoya.

Namba mbili isopropili, alkoholi ya kusafishia, waulize mafundi simu, wanaitumia kusafishia bodi. Kipimo kimoja kwa vinne vya maji, inatoa alama za vidole na mafuta ambayo sabuni imeshindwa. Spiriti yenye rangi achana nayo. Na hapa ndo nililia: kwenye boksi kulikuwa na sahani moja nzito ya 78 (zile za zamani, mizunguko 78 kwa dakika), mi nikajua zote ni zilezile, nikaipaka, kitambaa kikatoka cheusi tii. Kumbe za 78 nyingi ni za sheleki, utomvu wa wadudu, sio vinili ambayo ni plastiki, na alkoholi inayeyusha sheleki. Ile imeenda. Kwahiyo soma lebo kwanza, ukiona 78 ishia kwenye maji na sabuni, tena haraka haraka.

Brashi ya kaboni, ile ya nyuzi laini za kaboni, naiweka ya tatu, nzuri kwa vumbi kavu kabla ya kupiga, ila uchafu ulioganda haiutoi.

Gundi nyeupe ya mbao, ile unamwaga, unaiacha usiku kucha alafu unaibandua kama ngozi, kweli inatoa uchafu wa ndani kabisa. Lakini ukipaka nyembamba inakatika vipande na vingine vinabaki humohumo, jaribu kwa santuri ambayo hata ikifa hulii. Kwenye 78 usithubutu.

Mwisho kabisa vile vibeseni vya kuoshea santuri vya Spin-Clean vya Marekani. Vinafanya kazi, sibishi, ila ukijumlisha na usafiri hadi Tabora hiyo hela si bora ununue sindano mpya.