Rangi ya kuzuia maji juu ya ukuta wa chokaa: yaliyotukuta Mji Mkongwe

Nilikusudia kuandika kwa upole, kwa kuwa vijana waliotupakia rangi hii walikuwa waungwana: walifika mapema, walitandika maturubali na hawakuacha hata tone sakafuni. Upole huo uliniishia siku msimamizi wao alipokuja kuutazama ukuta.

Nyumba yetu, tuliyoachiwa na bibi, ni ya mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukuta wake wa kusini hauna jirani wa kuukinga, kwa hiyo kila masika mvua inayosukumwa na upepo wa kusi huupiga ubavu mzima, hadi madoa ya maji hutokeza ndani, chumbani kwa mama. Kampuni hiyo ilitushauri tubandue lipu ya chokaa iliyokuwa ikimomonyoka, tupige lipu ya saruji, kisha tupake rangi nzito kama mpira, ambayo tuliahidiwa kwa maandishi kwamba haitapitisha maji kwa miaka 10. Tulilipa fedha zote, taslimu.

Masika ya kwanza hayajaisha, rangi ilifura malengelenge makubwa kama maandazi. Nilipotoboa moja, maji yalichuruzika, na nyuma yake palikuwa na unga mweupe wa chumvi. Siku chache baadaye pande la lipu lenye ukubwa wa mlango liliporomoka uchochoroni. Alhamdulillahi, hapakuwa na mpita njia.

Baada ya simu nyingi, msimamizi alikuja. Aliingia bila hodi, hakumwamkia mama aliyekuwa amekaa mbele yake, akatoa ufunguo wa gari, akaukwaruza ukuta mara moja tu na kusema: “Ukuta wenu mkongwe huu, na ukongwe hauna dhamana.” Simu yake ikalia, akatoka akiongea nayo, wala hakurudi.

Ukongwe! Mtaa mzima unaitwa Mji Mkongwe, na kwa ukongwe huo huo umeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Siku alipokuwa akihesabu fedha zetu alidhani yuko wapi?

Hata hivyo, nikiiweka hasira kando, rangi yenyewe haina hila. Kaka yangu ameipaka kwenye nyumba yake ya matofali ya saruji huko Mbweni, na kusi imekuja na kuondoka ndani kukiwa pakavu. Ukuta wa chokaa ni kitu kingine: hunywa mvua na kufyonza unyevu wa ardhini, kisha huutoa jua likiwaka. Ukiuvika saruji na mpira, maji yanayoingia kwenye ufa mdogo chini ya paa hukosa pa kutokea isipokuwa ndani, na chumvi inayobaki nyuma ya lipu huisukuma mpaka ianguke. Mwenye nyumba ya matofali, basi, naweza hata kumshauri ainunue.

Nilikuwa nimefika hapo, karibu nimewasamehe, mwashi mzee tuliyemwita alipotuonyesha ncha za boriti zilizoingia katika ukuta ule. Ni boriti za mikoko, zimebeba sakafu ya juu tangu kabla mama hajazaliwa, na sasa mbili kati yake zilikuwa laini kiasi cha kuingiza kidole. Naufuta ushauri wangu. Kampuni inayomuuzia mtu mpira bila kuuliza ukuta wake ni wa nini haistahili kupewa kazi hata ya kupaka banda la kuku.

Mwashi ameibandua saruji yote na kurudisha chokaa, tabaka jembamba juu ya tabaka, akilowesha ukuta kila mara kabla ya kupaka. Mvua ikinyesha usiku ukuta huwa na mabaka, adhuhuri umekauka. Mama ameniomba nisimtaje yule msimamizi, nami nimetii. Ila nikimkuta Darajani nitamtolea shikamoo mimi, kwa sauti, mbele za watu, ingawa ni mdogo kwangu.