NuHamil na nguvu za chembe tatu: kama memori inakuishia, soma hapa

Kwa yeyote anayepiga hesabu za viini vya atomu halafu mafaili ya nguvu za chembe tatu (protoni au nyutroni tatu zinapoathiriana kwa pamoja) yanamjazia memori yote, hii kodi, yaani programu ya kompyuta, aijaribu. NuHamil ni ya Takayuki Miyagi, imeandikwa kwa Fortran, paper yake ilitoka 2023, na ni ya bure. Kazi yake ni kutengeneza elimenti za matriksi (namba zinazoeleza nguvu yenyewe) za nguvu za chembe mbili na tatu, afu unazipeleka kwenye kodi nyingine kama IMSRG++ ndo ikamalizie kiini chenyewe.

Mimi nimeipendea jinsi inavyoshughulikia ukadiriaji wa NO2B, yaani kubana nguvu ya chembe tatu iishie kwenye chembe mbili. Unachukua hali ya marejeo (picha rahisi ya kiini ya kuanzia), mara nyingi Hartree-Fock, ambapo kila chembe iko kwenye nguvu ya wastani ya zingine, unajumlisha mchango wa chembe zilizomo tayari kwenye kiini, na hapo sehemu kubwa ya nguvu ya chembe tatu inageuka kuwa ya chembe mbili, ya chembe moja na namba tupu, kinachobaki unakiacha. Watu wanaogopa hapo kwenye kuacha, ila kwenye oksijeni 16 au kalsiamu 40 kosa la nishati ni asilimia chache tu, na hiyo siyo sawa kabisa na kuitupa nguvu yote ya chembe tatu maana ukiitupa yote, oksijeni inaendelea kushika nyutroni mpaka oksijeni 28 wakati kwa uhalisia inaishia oksijeni 24, Otsuka na wenzake walilionyesha hilo 2010.

Sasa utamu wenyewe: kama mwisho wa siku utatumia NO2B, ya nini kutunza elimenti ambazo hutazigusa? NuHamil inatunza zinazohitajika tu, ndo maana E3max (kikomo cha nishati ya chembe tatu unachoweka kwenye hesabu) ikapanda toka 16 au 18 mpaka 28, na mwaka 2022 watu wakafika bati 132 na hata risasi 208. Hiyo ni hatua kubwa jamani, kabla ya hapo kwenye viini vizito ulikuwa hujui kama jibu ni la fizikia au la kikomo ulichoweka.

Angalizo moja, na ni zito: faili la NO2B halikusaidii ukitaka chembe tatu kamili, mfano IMSRG(3), njia ya hesabu inayobeba chembe tatu mpaka mwisho. Hapo unatengeneza faili zima na ukubwa ule ule unakurudia. Pia usiridhike na E3max moja, piga 24, 26 na 28 uone nishati inatulia wapi.

Nyota 5 kwa viini vizito, 3 kama unataka hesabu kamili bila kukadiria.