Haguro-san na ngazi zake 2,446: panda kwa miguu, shuka kwa basi

Kati ya milima mitatu mitakatifu ya Dewa Sanzan, mkoani Yamagata, Japani, Haguro-san ndio mfupi kuliko yote, mita 414 tu, na ndio pekee unaofikika mwaka mzima. Gassan, wenye mita 1,984, hufunguliwa mwanzoni mwa Julai na kufungwa Septemba. Yudono-san nao hufungwa majira ya theluji. Anayekwenda nje ya kiangazi hajakosa kitu kikubwa: hekalu la kileleni Haguro, Sanjin Gosaiden, lililojengwa upya mwaka 1818, linahifadhi miungu ya milima yote mitatu. Litazame paa lake la nyasi kwa ubavuni, maana unene wake unapita mita mbili.

Kutoka Tokyo, panda shinkansen, yaani treni ya mwendo kasi, hadi Niigata, kama saa mbili, kisha treni ya Inaho hadi Tsuruoka, karibu saa mbili nyingine. Inaho hupita kando ya bahari, na upepo mkali wa majira ya baridi huichelewesha au huifuta kabisa. Kwa hiyo usipange Haguro siku ile ile ya kuwasili. Lala Tsuruoka, upande basi la asubuhi.

Mabasi ndiyo yaliyonifanya nipunguze nyota moja katika tathmini hii. Ni machache, na ratiba hubadilika kwa msimu. Kabla ya kuondoka stesheni, piga picha ratiba ya kurudi, hasa saa ya basi la mwisho kutoka kileleni. Shuka kituo cha Zuishinmon, kwenye lango zinapoanzia ngazi, mwendo wa dakika 40 hivi. Ukipitiliza utajikuta juu bila kupanda ngazi hata moja.

Wengi hushangaa kwamba baada ya lango ngazi zinateremka kwanza, hadi daraja jekundu la mtoni. Mbele kidogo, kushoto, upo mnara wa ghorofa tano, mita 29, wa mbao zisizopakwa rangi. Ukiwa na wazee au watoto wadogo, ishieni hapo. Ni dakika kumi hivi kutoka langoni na ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Baada ya hapo kuna miinuko mitatu katikati ya mierezi ya karne nyingi. Wa pili ndio mkali. Mawe ni membamba, kisigino hakipati pa kukaa, na mvua ikinyesha, kuvu za kijani zilizo juu yake huteleza vibaya. Kanyaga kwa mshazari, na vaa viatu vyenye meno, si raba za soli bapa. Mwishoni mwa mwinuko huo kuna kibanda cha chai chenye mochi (keki za mchele), lakini majira ya baridi hufungwa. Mpandaji wa kawaida atumie saa moja hadi moja na nusu.

Kushuka kwa miguu sikushauri: magoti huumia, na zile ngazi za mwanzo zinakungoja uzipande ukiwa umechoka.

Anayetaka kulala mlimani aweke nafasi mapema Saikan, nyumba ya mahujaji karibu na kilele. Chakula chake ni mboga za msituni, uyoga na tofu ya ufuta, bila nyama. Beba yeni taslimu, sarafu zikiwemo za sadaka.