Gurudumu la baiskeli: gololi za wazi au beringi ya kufunga?

Kwa njia za mchanga za Tabora, gololi za wazi zina faida moja kubwa: fundi yeyote chini ya mwembe anafungua habu (kitovu cha gurudumu) kwa spana, anaosha kwa mafuta ya taa, anapaka grisi mpya. Bei ndogo. Ila vumbi likichanganyika na grisi linasaga koni (kipande cha chuma kwenye ekseli kinachobana gololi), na koni ikikazwa mno huota vishimo hata bila vumbi (mafundi wengi hukaza mno).

Beringi ya kufunga ina kizuia vumbi cha mpira, wala hairekebishwi. Ikifa, unanunua nzima, na kuing'oa bila kifaa chake ni vita.

Unabeba mkaa kutoka Sikonge? Gololi, mradi uzipake grisi mara kwa mara. Unazunguka mjini, karibu na duka la vipuri? Chukua ya kufunga.